Kabla au baada ya kardio? Tathmini ya unga, jeli na vidonge wanavyouziwa wanaopunguza mafuta

Ukisoma lebo za bidhaa hizi moja baada ya nyingine, utaona kila moja imekupangia saa yake. Kopo la kwanza linataka linywewe dakika 30 kabla ya mazoezi, la pili ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi, la tatu asubuhi kabla hujatia chochote tumboni, na kinywaji cha kusindikiza safari nzima kiwe mkononi. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia takriban kalori 350. Jeli moja kabla ya kuanza ni kalori 100, nusu lita ya kinywaji cha michezo ni karibu 140, kipimo cha asidi amino (vijenzi vya protini) ni 40, na kijiko cha unga wa protini baada ya kumaliza ni 120. Jumla 400. Amekimbia, ametoa jasho, na siku imemalizika akiwa na ziada ya kalori 50 kuliko kama angebaki amekaa bila kunywa chochote kati ya hivyo.

Kwa hiyo swali tunaloliuliza kwa kila bidhaa ni hili: ikitumiwa saa inayoagizwa, inasaidia mafuta ya mwilini kupungua? Au ingefanya kazi ileile saa yoyote? Au haifanyi kazi kabisa? Tunamzungumzia mtu anayefanya kardio ya dakika 30 hadi 60, iwe kukimbia polepole, baiskeli, kuogelea au kutembea kwa kasi, mara tatu hadi tano kwa wiki. Mkimbiaji wa marathoni ana hesabu nyingine.

Kwanza, suala la tumbo tupu

Karibu bidhaa zote hizi zimejengwa juu ya dai moja, kwamba kardio ya asubuhi kabla ya kula huyeyusha mafuta zaidi. Dai hilo lina nusu ya ukweli. Usiku kucha bila kula, akiba ya sukari kwenye ini, ambayo ikijaa huwa karibu gramu 100, hupungua sana. Insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, nayo inakuwa chini, na ikiwa chini mafuta hutoka kwa urahisi kwenye hifadhi yake na kuingia kwenye damu. Anayekimbia katika hali hiyo kweli huchoma mafuta kwa sehemu kubwa zaidi kuliko aliyekwisha kula.

Kosa linaanza pale inapodhaniwa kwamba mafuta yaliyochomwa ndani ya saa ile ndiyo yaliyopungua mwilini. Tofauti yenyewe kwa zoezi moja ni gramu chache, na mwili huisawazisha siku inavyoendelea: aliyetumia mafuta mengi asubuhi hutumia wanga zaidi saa zinazofuata, na aliyetumia wanga asubuhi hurudi kwenye mafuta baadaye. Mwaka 2014 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha jaribio lililowagawa wanawake vijana 20 katika makundi mawili. Wote waliwekwa kwenye mlo wenye kalori pungufu, na wote walifanya kardio ya saa moja, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Kundi moja lilipewa kinywaji cha mlo kabla ya zoezi, jingine baada ya zoezi. Makundi yote mawili yalipungua uzito na mafuta, bila tofauti ya maana kati yao. Lilikuwa jaribio dogo na fupi, lakini matokeo yake yanaendana na yale ambayo hesabu ya nishati ingekuambia: kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, na hiyo huisha kwa upungufu wa wiki kadhaa, haijalishi umekula saa ngapi.

Saa ya kula inabaki na kazi yake nyingine, tena muhimu. Inaamua miguu itakuwa myepesi au mizito, tumbo litatulia au litasumbua, na njaa itakuja na nguvu gani ukishamaliza. Mlo kamili, wenye mafuta na nyuzinyuzi, unahitaji saa 3 hadi 4 kabla ya kukimbia, kwa sababu mafuta na nyuzinyuzi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ukikimbia nao bado umo tumboni unapata kiungulia, mchomo wa ubavuni au haja ya ghafla. Mlo mdogo wa kalori 200 hadi 300, wanga na protini kidogo, unatosha dakika 60 hadi 90 kabla. Ikiwa zimebaki dakika 30 tu, kula tunda moja au kipande cha mkate, au usile kabisa. Baiskeli huvumilia chakula kuliko kukimbia, maana tumbo halitikisiki.

Na kama zoezi ni la kasi, yale ya kukimbia kwa nguvu dakika 1 na kupumzika dakika 2, tumbo tupu linaweza kukupunguzia kasi. Kasi ikipungua, kalori zinazotumika zinapungua pia. Kutembea kwa kasi dakika 40 hakuhitaji chochote kabla yake.

Unga wa protini: huu una thamani, ila saa yake ni yoyote

Kati ya vyote, huu ndio pekee tunaoupendekeza bila kusita kwa anayepunguza mafuta. Mtu anayekula kalori pungufu hupoteza misuli pamoja na mafuta, na protini ya kutosha hupunguza hasara hiyo. Pia hushibisha, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori za protini katika kuichakata tu, kiwango kikubwa kuliko cha wanga au mafuta. Lengo linalofaa kwa wengi ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 75 anahitaji gramu 120. Akizifikisha kwa chakula cha kawaida, kopo halina la kumwongezea. Akiishia gramu 90, kijiko kimoja kwa siku kinafunga pengo.

Agizo la "ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi" halina uzito linaopewa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba jumla ya protini ya siku ndiyo inayobeba matokeo, na jumla hiyo ikiwa sawa, muda wa kuinywa hautofautishi kitu kikubwa. Aliyekula mlo wenye protini saa mbili kabla ya zoezi bado ana asidi amino kwenye damu anapomaliza. Mwenye sababu ya kuharakisha ni aliyefanya mazoezi bila kula tangu usiku: huyo apate gramu 20 hadi 40 ndani ya saa moja au mbili, iwe kwa unga au kwa kifungua kinywa.

Ukiwa dukani, fanya hesabu hii kabla hujalipa. Chukua gramu za protini kwa kipimo, gawanya kwa uzito wa kipimo. Kijiko cha gramu 30 chenye protini gramu 24 ni asilimia 80, kizuri. Chini ya asilimia 70, unalipia sukari, ladha na viongeza uzito. Kuna makopo makubwa yanayosimama rafu moja na haya, ya kunenepesha, ambayo kipimo kimoja kinaweza kupita kalori 600. Picha ya mtu mwembamba mwenye misuli iliyo kwenye kopo haikuambii lolote, soma jedwali. Kisha angalia orodha ya viambato. Ukiona glisini au taurini imetajwa peke yake karibu na mwanzo wa orodha, kuwa na shaka: vipimo vya kawaida vya maabara hukisia protini kwa kupima naitrojeni, na asidi amino za bei rahisi zenye naitrojeni huongezwa ili namba ya lebo ipande bila protini kamili kuongezeka.

Aina ya unga ina maana zaidi kwa tumbo kuliko kwa mafuta. Unga wa whey (protini ya maziwa) wa kawaida una laktosi, yaani sukari ya maziwa, na mwenye tumbo lisiloiweza atajaa gesi kilomita ya pili. Whey iliyochujwa zaidi, ile inayoitwa aisoleti, ina laktosi kidogo sana na kwa kawaida ni ghali zaidi. Unga wa soya, au mchanganyiko wa njegere na mchele, unafaa kwa asiyetumia maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo asianze wowote bila daktari wake.

Namna ya kuuchanganya: maji mililita 250 hadi 300 kwanza kwenye chupa, unga baadaye, tikisa sekunde 20, acha dakika 2 povu lishuke. Ukianza na unga, hugandamana chini. Ukiunywa na povu lake ukaanza kukimbia, utabeua njia nzima. Na ukitumia maziwa yenye mafuta yote badala ya maji, mililita 300 zinaongeza karibu kalori 190, zaidi ya unga wenyewe. Hapa ndipo watu wengi hushangaa kwa nini mizani haisogei.

Kafeini na unga wa kuchangamsha kabla ya mazoezi

Kafeini inafanya kazi. Inapunguza hisia ya uchovu, na mtu hukimbia mbali kidogo au kwa kasi kidogo kwa jitihada ileile anayoihisi. Kiasi kinachotumika katika tafiti ni miligramu 3 hadi 6 kwa kilo ya uzito, lakini kwa kardio ya kawaida hakuna haja ya kuvuka 3, na anayeanza aanze na nusu ya hapo. Kwa mtu wa kilo 70 kipimo kamili ni takriban miligramu 200, dakika 45 hadi 60 kabla ya zoezi. Hii ndiyo bidhaa pekee katika tathmini hii ambayo saa iliyoandikwa kwenye lebo ina msingi, kwa sababu kafeini huhitaji muda huo kufika kileleni kwenye damu.

Tatizo liko kwenye makopo yanayoifunga. Mengi huandika "mchanganyiko maalumu" wa gramu kadhaa bila kutaja kila kiambato kina kiasi gani, na kijiko kimoja kinaweza kubeba miligramu 300 au zaidi. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilitaja mwaka 2015 miligramu 400 kwa siku nzima kuwa kiwango ambacho hakileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kijiko hicho pamoja na vikombe viwili vya kahawa tayari kimekupitisha. Kopo lisilotaja miligramu za kafeini lirudishe rafuni.

Mwasho wa usoni na mikononi unaokuja dakika 15 baada ya kunywa unatokana na beta-alanini, asidi amino inayotiwa kwenye unga huu. Hauna uhusiano wowote na mafuta kuungua, ingawa wengi huutafsiri hivyo na kuongeza kipimo wakiukosa.

Kwa anayefanya kardio jioni, ushauri wetu ni mkali: achana nayo. Nusu ya kafeini bado imo mwilini saa 5 hivi baada ya kuinywa, na kwa wengine zaidi. Usingizi ukikatika, siku inayofuata njaa huongezeka na hamu ya vyakula vitamu nayo hupanda. Faida ndogo ya jioni inalipwa mara mbili kesho yake. Asubuhi, kikombe cha kahawa isiyo na sukari kinafanya kazi ya kopo zima. Tumbo tupu likikuletea kichefuchefu au kutetemeka ukinywa kahawa, kula kipande kidogo cha mkate nayo, hakuna kinachoharibika.

Unga wa kafeini tupu, unaouzwa kwa gramu, usinunuliwe kabisa. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kuwa na zaidi ya miligramu 3,000, na watu wamekufa kwa kukosea kipimo.

Vidonge vya "kuchoma mafuta": hapana

Hapa tunataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu hasara yake si ya fedha tu.

Kiambato maarufu ni dondoo ya chai ya kijani yenye kemikali iitwayo EGCG. Maagizo mengi husema imezwe asubuhi kabla ya kula, kisha ukimbie. Hilo ndilo agizo baya kuliko yote kwenye rafu hii. Tumbo likiwa tupu, EGCG hufyonzwa kwa wingi zaidi, na hatari kwa ini hupanda. EFSA ilieleza mwaka 2018 kwamba virutubisho vinavyotoa miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku vilionyesha dalili za kuumiza ini, na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vikae chini ya kiwango hicho na vibebe onyo la kutovitumia tumbo likiwa tupu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, macho yakigeuka manjano au ngozi ikiwasha, acha kidonge siku hiyohiyo na uende hospitali nacho mkononi. Chai yenyewe, ya kikombe, haina shida hiyo.

L-kanitini ni dai la pili. Ni kweli kwamba kanitini hubeba mafuta na kuyaingiza kwenye sehemu ya seli inayoyachoma. Lakini misuli ina kanitini ya kutosha, na ile ya kidonge hufyonzwa kidogo na huingia kwenye misuli kwa shida. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanikiwa kuiongeza kwenye misuli uliwapa washiriki gramu 2 pamoja na gramu 80 za wanga, mara mbili kila siku, kwa wiki 24. Wanga huo peke yake ni kalori 640 kwa siku. Kwa anayepunguza mafuta, hesabu hiyo inajipinga yenyewe.

La tatu ni lile lisiloandikwa. Vidonge vya kupunguza uzito vinavyouzwa mtandaoni vimekamatwa mara nyingi vikiwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa. Dawa nyingine huuzwa waziwazi kwa jina la DNP. Hiyo ni sumu. Marekani iliitangaza kuwa haifai kwa binadamu mwaka 1938, na haina dawa ya kuitengua. Inapandisha joto la mwili kwa namna isiyozuilika, na kuongeza zoezi juu yake kunaongeza joto hilo. Kidonge kinachokufanya usihisi njaa kabisa, moyo uende mbio ukiwa umekaa, na jasho likutoke bila sababu, huenda kina kitu ambacho lebo haikutaja.

Asidi amino za mnyororo, jeli, vinywaji na baa

Asidi amino za BCAA, yaani zile za mnyororo wenye matawi (leusini, aisoleusini na valini), zinauzwa kwa ahadi ya kulinda misuli wakati wa kardio ya tumbo tupu. Ni tatu tu kati ya tisa ambazo mwili unazihitaji kutoka kwenye chakula, zina kalori karibu 4 kwa gramu hata lebo ikiandika sifuri, na unga wa protini unazo zote. Usinunue.

Jeli na vinywaji vya michezo ni bidhaa nzuri zilizo mikononi mwa watu wasiozihitaji. Jeli moja ina wanga gramu 20 hadi 25. Kinywaji cha michezo kina wanga asilimia 6 hadi 8. Kazi yake huanza zoezi likivuka saa moja, pale ambapo gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa husaidia kuendelea kwa kasi. Misuli peke yake huhifadhi gramu 300 hadi 500 za glaikojeni (sukari ya akiba), na dakika 40 za kukimbia polepole haziwezi kuimaliza. Maji yanatosha. Anayetoka jasho jingi kwenye joto atumie vidonge vya chumvi visivyo na sukari.

Baa za protini zinafaa kama mlo wa dharura, si kabla ya kukimbia. Nyingi hutiwa utamu wa maltitoli au sorbitoli, na vitu hivyo huvuta maji kwenye utumbo na kuleta gesi na kuharisha. Ukila moja, ipe saa 2.

Wanaohitaji kula kabla, bila kujali mafuta

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya salfonilurea kama glibenklamidi, asifanye kardio ya tumbo tupu kwa kufuata mtandao. Apime kwanza. Sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale wanga gramu 15 hadi 30 kabla ya kuanza, na atembee na sukari ya haraka mfukoni. Kutetemeka, jasho baridi au kuchanganyikiwa ni ishara ya kusimama, kumeza gramu 15 za sukari na kupima tena baada ya dakika 15. Mjamzito na aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji wasijaribu kufunga kabla ya mazoezi.

Wengine wapange hivi. Zoezi la alfajiri: maji, kahawa ukipenda, kisha kifungua kinywa chenye protini gramu 25 hadi 35 ukirudi. Zoezi la mchana: kifungua kinywa cha kawaida, na mlo wa mchana uwe baada ya zoezi. Zoezi la jioni ndilo linalovuruga wengi, kwa kuwa mtu hufika nyumbani na njaa kali na kula mara mbili ya alivyokusudia. Huyo ale kitu cha kalori 150 hadi 200 chenye protini saa moja na nusu kabla ya zoezi, na kalori hizo azitoe kwenye chakula chake cha usiku. Kalori ambazo saa ya mkononi inasema umechoma usizirudishe sahanini zote. Saa hizo mara nyingi hukadiria juu.

Ukiamua kununua unga wa protini au kafeini, tafuta nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, programu zinazopima virutubisho kuona kama vina dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Nembo ikichapwa kwenye kopo haitoshi: nenda kwenye tovuti ya taasisi husika, tafuta jina la bidhaa, ladha uliyonayo, na kwa Informed Sport linganisha pia namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo. Namba isipoonekana kwenye orodha yao, usilifungue. Lirudishe dukani na risiti yake.